Kitana cha Ivyne na Kinanda cha Kitisuru

Tik, tik, tik, tik. Kimya kidogo. Tik, tik.

Sauti hiyo ilitoka upande wa ukutani, gizani, katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Ivyne, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amejilaza chali akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno ya kitana cha plastiki. Kitana kilikuwa cha kijani, kimepungua jino moja katikati. Jino hilo lilivunjikia kichwani mwake asubuhi ya kwanza ya shule, na Ivyne alilia sana, si kwa kuumia bali kwa kukihurumia kitana.

Huo ndio uliokuwa mchezo wao wa kila usiku. Taa ilizimwa mapema katika nyumba hiyo, maana mama yake, Kamene, alitakiwa kuwa mbele ya oveni za supamaketi moja mjini kabla jua halijafikiria kuchomoza. Mtoto alipiga kitana. Akifika penye pengo alingoja, na mama, kutoka upande wake wa kitanda, alilijaza pengo kwa kusema, "Mmh." Mmh ya kwanza ilikuja upesi. Ya pili ilijikokota. Ya tatu mara nyingi haikuja kabisa.

"Mama, umelala?" Ivyne aliuliza.

Hakujibiwa. Lakini usiku huu Kamene hakuwa amelala. Alikuwa amejigeuzia upande wa mlango, macho wazi na makavu, simu ikiwaka na kuzimika nyuma yake juu ya blanketi, imeondolewa sauti. Hakuhitaji kugeuka kusoma jina. Alilihifadhi mwenyewe kwa furaha zamani hizo: GERISHON VITANA. Wiki iliyopita jina hilo lingemchekesha. Sasa lilimchosha tu, na Kamene hakuwa na mahali pa kuweka uchovu mwingine.

Mambo yote yalianzia kwenye kitana hichohicho. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji umejaa hadi barabarani, naye alikuwa ametoka kazini akapitia Dubois Road, kwenye maduka ya mafuta na nywele za kusuka, kumtafutia Ivyne kitana kizima. Dukani watu walikanyagana. Mbele yake kwenye kaunta alisimama mwanamume mrefu, sweta ya rangi ya haradali imetoboka kiwiko, viatu vikimeta kana kwamba ni vya mtu mwingine. Alichukua vitana kimoja kimoja, akakisogeza sikioni, akakidonoa, akatikisa kichwa, akakirudisha.

"Boss," mwenye duka alimwambia, "unanunua kitana ama unakipima presha?"

"Dakika moja tu, mkubwa."

"Hiyo dakika yako inazeeka," Kamene alisema nyuma yake. "Wengine tumesimama toka alfajiri. Kwani ni kitana unanunua ama ni gitaa?"

Mwanamume aligeuka. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala kwa awamu. "Ni kinanda," alijibu.

"Aii!"

"Haki ya nani. Kinaitwa hapsikodi. Kiko Kitisuru, kwa mwalimu wangu wa zamani. Si kama piano. Piano inagonga waya na nyundo, hiki kinadonoa. Kila kibao kina ukucha wake mdogo huko ndani, na kucha zimekwisha. Nimeagiza zingine ng'ambo, zitafika Yesu akirudi. Kwa hivyo nakata meno ya kitana."

Kamene alinyoosha mkono juu ya bega lake, akachukua kitana cheusi chembamba, akakidonoa. "Jaribu hiki. Kile ulichoshika kinalia kama kijiko."

Gerishon alisikiliza. Kisha akamtazama yeye badala ya kitana. "Wewe unafanya nini maishani?"

"Naoka mikate. Na napiga fiola, ile dada mkubwa wa fidla, nikipata nafasi, na sipati."

"Fiola! Nairobi hii! Kila mtu anataka fidla, hakuna mtu anataka fiola!"

"Hata mimi sikuitaka. Kanisani kwetu wenzangu walinyakua fidla zote, nikapewa ile imebaki. Tukazoeana."

"Mimi naitwa Gerishon."

Hapo Kamene alicheka, kicheko chake cha kwanza siku hiyo. "Gerishon? Na hiyo sura? Hilo si ni jina la mzee wa kanisa?"

"Ni la guka, babu yangu. Nilirithi jina na sweta."

Alinunua vitana vyeusi viwili. Kamene alinunua kimoja cha waridi, ambacho Ivyne alikikataa jioni hiyohiyo. Alitaka kile chenye pengo.

Gerishon alikuwa akiandika koncheto, yaani muziki ambao ala moja inazungumza na kundi zima, mara wakielewana, mara wakibishana. Ala hiyo moja ilikuwa kinanda cha Kitisuru. Kundi lilikuwa okestra ndogo ya watu wenye kazi zao: nesi, wakili, walimu, fundi wa simu. Ilikosa fiola. Baada ya wiki mbili haikukosa tena.

Mapenzi yao yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka. Gerishon alifundisha muziki shule mbili zisizo karibu, akaandika noti zake katikati. Alimpigia Kamene simu wakati mikate iko ndani ya oveni, kwa kuwa ndipo Kamene alipoweza kukaa juu ya gunia la unga.

"Sasa, malkia wa unga?"

"Poa, mzee wa kanisa. Umekula?"

"Nimekula chaki."

"Pitia mlango wa nyuma, nikupe skonzi zimeungua."

"Zimeungua sana?"

"Kama moyo wako."

Siku ya kwanza walipotoka rasmi walikwenda Arboretum. Kamene alivaa gauni la kitenge lenye ndege wa buluu, lililombana kiunoni vizuri, na Gerishon alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Walitandika leso kwenye nyasi. Gerishon alimimina chai kutoka kwenye thamosi, akaanza kumweleza jambo fulani kuhusu nyuzi za chini, na Kamene akasikia kwa muda, kisha hakusikia. Walipoamshwa na askari wa bustani jua lilikuwa limehamia upande wa pili na chai imepoa vikombeni.

"Nyinyi," askari alisema, "mlikuja kupendana ama kulala?"

"Afande, hata sisi tumechanganyikiwa," Gerishon alijibu, alama ya nyasi shavuni.

Kamene alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Alijua siku hiyo kwamba amependa, kwa sababu hakuwa amelala mbele ya mwanamume bila hofu tangu Lenox.

Lenox ndiye baba yake Ivyne. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mtu wa neno moja: pumzika. Kamene alipopata mimba, Lenox alisema, wacha kazi babe, pumzika. Akaacha. Baadaye ikawa ni masomo ya jioni: unachoka bure, pumzika. Akaacha. Kisha fiola, kwamba inapiga kelele na mtoto analala, si uipumzishe tu, nawe upumzike. Akaipandisha juu ya kabati. Siku mikono yake ilipobaki mitupu kabisa, Lenox akaanza kuchoshwa na mwanamke asiye na la kusimulia, akahamia Kitengela kwa mwingine aliyekuwa na shughuli nyingi. Kamene alivirudisha vitu vyake kimoja kimoja: kazi, halafu darasa la jioni, mwisho fiola. Alikuwa amechoka kuliko zamani, lakini ulikuwa uchovu wake mwenyewe.

Haya alimweleza Gerishon, lakini si yote. Neno lenyewe hakulitaja. Aliona haya kwamba neno dogo hivyo linaweza kumfukuza mtu katika maisha yake.

Jumapili moja Gerishon alikuja kwao akala chapati kwa dengu, akachorwa na Ivyne akiwa na masikio makubwa. Giza lilipoingia mtoto alilazwa na taa ikazimwa, naye Gerishon akabaki kwenye kigoda karibu na mlango amalizie chai yake. Tik, tik, tik, tik. Kimya. "Mmh." Tik, tik. Alisikiliza bila kutikisika. Mmh ya pili ilichelewa. Ya tatu haikuja. Kamene alikuwa amekwisha kulala na viatu mguuni.

"Mama, umelala?"

Gerishon alimvua Kamene viatu, akamnong'oneza mtoto kwaheri, akatoka kwa ncha za vidole. Hakusema lolote juu ya hilo kesho yake wala kesho kutwa. Hapo ndipo alipokosea, maana alikuwa mtu wa kupenda kushtukiza watu kwa zawadi.

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa kanisa moja katikati ya mji. Kinanda hakikuwepo. Kinanda cha namna hiyo kikihamishwa nyuzi zake zinalegea na kukasirika, na mwenye kukipiga, Bi Virginia, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu, alikuwa na magoti yanayofanana nacho. Kwa hiyo yeye alijizoeza Kitisuru peke yake, na okestra ikajizoeza mjini peke yake, wakutane siku ya mwisho. Katika sehemu ya kwanza na ya tatu Gerishon alipiga nafasi ya kinanda kwa kibodi ndogo ya umeme. Sehemu ya pili aliikatalia.

"Hiyo kibodi itaiua," alisema. "Hapa tutahesabu tu kimya. Mtasikia Bi Virginia akija."

Jumatano moja Kamene alisinzia. Alikuwa ameanza alfajiri kwenye oveni, kisha darasani kwenye mtihani wa uhasibu, kisha ukumbini. Katikati ya mazoezi kidevu chake kilishuka juu ya fiola na upinde ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Watu walicheka kwa upole. Gerishon hakucheka. Alimtazama kwa macho ambayo Kamene hakuyapenda, macho laini mno.

Na Jumamosi iliyofuata ndipo karatasi za sehemu ya pili zilipogawiwa. Fidla zilikuwa na mistari mirefu iliyojaa noti. Chelo vivyo hivyo. Ya Kamene ilikuwa nyeupe. Noti moja. Kimya kirefu. Noti nyingine, ileile. Kimya kirefu zaidi. Huku chini, mstari mtupu kabisa. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuipiga.

Stacy, aliyeongoza fidla, alichungulia. Alikuwa nesi, na alisema kila kitu kwa sauti ya wodini. "Umepunguziwa, mama. Mtu akikupenda hivyo, shukuru. Sisi wengine tutakufa na hizi noti."

Wakapiga. Bila kinanda, ilikuwa hivi: fidla zinanong'ona, zinanyamaza, watu wote wanahesabu midomoni, na katikati ya kimya hicho Kamene anatoa sauti moja, "mmm", kama mtu aliyekosea mlango. Mtu wa chelo alibana kicheko. Kamene alisikia uso wake ukiwaka.

Alimngoja Gerishon kwenye ngazi za nje, fiola mgongoni, umati wa Jumamosi ukipita chini yao na mifuko yake.

"Gerishon, hii ni nini umeniandikia?"

"Ngoja kinanda kije, Kam. Utaelewa."

"Nataka kuelewa saa hii. Stacy ana ukurasa umejaa. Mimi nina nukta. Kwa nini?"

Gerishon alikuna kiwiko pale sweta ilipotoboka. Maneno yalikuwa mengi, naye akayashika kwa upande usiofaa. "Kwa sababu najua vile unachoka," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa nakufikiria wewe, na vile huwa huna nafasi ya kupumzika—"

"Usiseme hilo neno."

"Neno gani?"

"Nimelala mara moja. Mara moja tu, na tayari umeshaanza kunitoa mikononi kidogo kidogo. Leo noti. Kesho utasema kiti. Mimi nimewahi kupumzishwa, Gerishon. Nilipumzishwa mpaka nikaisha."

"Kamene, si hivyo. Hii sehemu ni—"

"Mimi huwa naomba huruma? Nimewahi kukuambia nimechoka, nisaidie?"

"Hujawahi. Hata ungesema ningefurahi."

"Basi mpe Stacy. Atalala vizuri."

Alimsukumia karatasi kifuani, akashuka ngazi. Gerishon alimfuata hadi barabarani akiita, na mchuuzi wa soksi akamwambia, "Wacha aende, brother, hapo umeshapoteza," na kwa kweli Kamene alikuwa ameshamezwa na watu.

Siku zilizofuata hakushika simu yake. Alioka. Alisoma. Alifua. Fiola ilirudi juu ya kabati, na kila alipoinua macho aliiona, akayashusha. Lornah, jirani yake aliyemshikia mtoto saa za kazi, alimwona akimenya viazi mpaka vikabaki kama karanga.

"Na yule mwanaume wako wa vitana?"

"Hakuna mwanaume."

"Alikutusi?"

"Aliniandikia noti rahisi."

Lornah alimpokonya kisu. "Kamene, mimi wangu aliuza meko ya gesi nikiwa kanisani. Noti rahisi ndiyo nini?"

Kamene alikusanya maganda. Alijua tu kwamba kama atakubali hilo dogo, hatajua ni lini kubwa limeshapita.

Ndivyo ulivyofika usiku huu, simu ikiwaka juu ya blanketi. Ikawaka tena. Safari hii kidole kidogo kiliigusa.

"Haloo?" alisema Ivyne, na kwa kuwa alijua simu kuliko mama yake, akaiweka kwa spika.

"Ivyne?" Sauti ya Gerishon ilikuwa ya mbali na yenye mwangwi. "Sasa, mrembo? Mama yuko?"

"Amelala. Hata leo hakunijibu."

Kamene alibana pumzi.

"Na wewe unafanya nini?"

"Napiga kitana."

"Nipigie nisikie."

Tik, tik, tik, tik. Kimya. Tik, tik.

Upande wa pili kulisikika kiti kikiburutwa na sauti ya mwanamke mzee ikinung'unika kwamba vidole vyake si vya serikali. Kisha kinanda kikajibu. Kamene hakuwahi kukisikia. Siku yake moja ya mapumziko ilikuwa ya kufua, hakupata kufika Kitisuru. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, ya dhahabu iliyochakaa, kama kitana kilichokua kikawa mtu mzima. Sauti sita, na katikati pengo. Ivyne alicheka gizani, akapiga tena. Kinanda kikajibu tena. Penye pengo palikuwa pakingoja.

Kamene alikijua kile kimya. Alikuwa amekihesabu ukumbini kwa hasira. Hakukusudia. Kinanda kilipofika penye pengo mara ya tatu koo lake lenyewe likatoa noti yake, ileile moja, mahali pake, na pengo likajaa sawasawa, kama jino limerudi kwenye fizi.

Kinanda kilisimama.

"Kamene?" alisema Gerishon.

"Usiniite." Lakini aliketi kitandani, akaichukua simu. "Kwa hivyo mimi ndiye ile mmh."

"Wewe ndiye ile mmh. Kinanda ni Ivyne. Sehemu yote ya pili ni hicho chumba chenu, Kam. Bila wewe haina maana, ni kitana kimevunjika tu."

"Na kwa nini hukusema? Umeacha watu wanicheke."

"Nilitaka uisikie kwanza."

"Gerishon, watu waliochoka hawapendi kungojeshwa zawadi. Ukiwa na kitu, sema."

"Nimesikia." Sauti yake ilishuka. "Halafu nimewaza juu ya hilo neno. Nimeliwaza sana. Sitakupumzisha tena bila kukuuliza."

Kamene alifuta pua kwa kona ya blanketi. "Kile kiti umempa nani?"

"Kiko vile ulikiacha. Stacy aliweka mkoba wake nikautoa."

"Na ule mstari wa chini, mtupu? Ulisahau?"

"Sikusahau. Siku ile nilikuwa kwenu, mtoto aliuliza, hukujibu. Muziki unaweza kuishia hapo. Mama amelala, amefanya kazi, ni haki yake. Ama unaweza kupiga mara moja zaidi. Hiyo sikuiandika. Ni yako."

"Na nikiipiga?"

"Ukiipiga," alisema, na kwa mara ya kwanza akasikika kama mtu mwenye jina la babu yake, "nitajua naweza kuja Mwala kuwaona wazazi wako, na wazee wangu nyuma yangu. Usipoipiga, watu watapiga makofi vilevile, nitakushukuru, nikubebee fiola mpaka steji. Sitakusumbua tena."

Kabla hajajibu, simu ilinyakuliwa huko Kitisuru. "Msichana," ilisema sauti ya Bi Virginia, "Ijumaa wananibebea kinanda kama jeneza, na mimi nyuma yake. Sikubali kubebwa hivyo niende kuongea na kiti kitupu. Unakuja ama hauji?"

"Nitakuja, mwalimu," Kamene alisema. "Kwa sababu ya kinanda."

"Sababu ni zako. Lala."

Lornah aliposimuliwa asubuhi alishika kiuno. "Kwa hivyo hiyo ni posa ama ni mtihani?"

"Hata mimi najiuliza."

"Na utaipiga?"

Kamene alifunga mkoba wake. "Nitajua nikifika hapo."

Jumapili alasiri kanisa lilijaa. Kinanda kilisimama mbele kwa miguu yake myembamba, kimepakwa kijani kilichofifia, kidogo kuliko watu walivyotarajia. Bi Virginia aliketi akiwa na gauni la zambarau na kofia ya kufuma, fimbo yake imeegemezwa kando. Kamene alivaa nguo nyeusi aliyoiazima, unga kidogo bado kwenye mshono wa mkono, kwa maana watu hula mkate hata Jumapili na alikuwa amesimama kwenye oveni toka gizani. Katika safu ya pili Ivyne, gauni la njano na soksi nyeupe, alikaa mapajani mwa Lornah. Kitana alikuwa amenyang'anywa, kimefungiwa kwenye mkoba.

Gerishon, suti imembana mabega, aliinua mikono.

Sehemu ya kwanza ilipita kwa fujo na furaha. Kisha ya pili. Kinanda kilianza peke yake, kidogo sana, na kanisa zima likainama mbele kukisikia. Penye pengo Kamene aliweka noti yake. Stacy aligeuza kichwa, upinde hewani. Alimtazama Kamene, kisha kinanda, kisha Kamene tena, na akafumba macho kama mtu aliyejiona kwenye kioo. Mtu wa chelo hakucheka.

Noti ya pili ilitakiwa kuchelewa, naye akaichelewesha. Fidla zilipita juu yake laini kama blanketi linavyovutwa. Na hapo usingizi wenyewe ukamjia, usingizi wa kweli, wa magoti na wa kope, ukipanda taratibu kutoka kwenye viatu. Alihesabu. Kanisa lilikuwa na joto. Noti ya tatu hakupaswa kuipiga. Kinanda kilipiga sauti zake nne, kikangoja, hakikupata kitu. Fidla zilizimika moja moja.

Kinanda kikauliza tena, polepole, mara ya mwisho. Bi Virginia aliinua vidole.

Kimya.

Gerishon alikuwa ameshusha mikono yote miwili na kutazama viatu vyake. Hakumtazama Kamene. Hakumwonyesha ishara, hakumhimiza, hakumzuia. Mbele ya Kamene palikuwa na mstari mtupu, na hapakuwa na mtu hata mmoja katika jengo lile aliyemwambia apige wala apumzike. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Kesho angeamka gizani tena, na kesho kutwa, awe na mwanamume au asiwe naye. Aliona tu kwamba kiwiko kimoja cha suti ile kilikuwa kimeanza kuchanika, na kwamba alitaka kukishona.

Aliinua upinde.

Noti ilitoka ikiwa na mkwaruzo, nzito, si nzuri sana, kama sauti ya mtu aliyeamka usingizini kwa sababu ameitwa. Aliiacha idumu. Mabega ya Gerishon yalishuka, na mikono yake ikaziba uso.

Hakuna aliyepiga makofi bado. Katika safu ya pili Ivyne alisimama juu ya mapaja ya Lornah, akaliambia kanisa zima:

"Mama hajalala."